"Malizana na mama"

Assalam aleikum, wakili.

Mimi ni fundi wa nyumba hapa Lamu, mkaazi wa Langoni, na kazi hii nimeirithi kwa baba yangu. Jambo lenyewe ni refu, nivumilie.

Mwaka jana mwezi wa pili nilichukua kazi ya kutengeneza nyumba ya zamani Mkomani. Mwenye nyumba nimesoma naye chuoni tukiwa watoto, sasa anaishi Maskati. Tuliandikiana karatasi, ukurasa mmoja wa mkono. Kubandua plasta ya simenti iliyokuwa inatoa chumvi na kupiga ya chokaa, kubadilisha boriti zilizooza vichwa orofa ya kwanza, kuziba paa, choo, birika la kuwekea maji, kutengeneza milango miwili ya ndani. Bei shilingi 3,400,000, mali na ufundi. Muda miezi minane. Kuna mstari unaosema nikichelewa nikatwe 5,000 kwa kila siku, na wa mwisho unasema tukikosana tutasikilizwa na wazee wa mtaa kwanza. Tulitia sahihi siku aliyokuwa anaondoka, shahidi wetu ni nahodha wa boti aliyemvusha Manda kwenda kupanda ndege.

Pesa zilikuwa zinatoka Maskati zinaingia kwa mama yake. Yeye ndiye ananilipa, natia sahihi katika daftari lake. Mwezi wa pili wa kazi nilimuuliza mwenye nyumba kwa WhatsApp habari ya mabomba, akanitumia sauti. Ninayo mpaka leo. Anasema: "Ndugu yangu, mimi niko mbali. Mambo ya huko malizana na mama."

Basi nikamalizana na mama. Kwanza alitaka zidaka (vile vishubaka vya ukutani) za chumba cha ndani zirejeshwe kama zilivyokuwa zama za bibi yake, maana nusu zilikuwa zimezibwa kwa simenti. Kazi ile ni ya kukaa na kisu na chokaa, si ya haraka. Hatukutaja bei. Mimi nahesabu 145,000. Halafu akasema ile milango miwili isitengenezwe, mchwa umeshaila, afadhali ichongwe mipya ya mbambakofi. Hiyo tulikubaliana 180,000 kwa mdomo, mbele ya seremala. Mwisho akataka chumba juu ya paa, nguzo na makuti, apate kukaa jioni na upepo. Huko nilitumia 260,000. Kwa kweli chumba hicho hakimo katika ramani iliyopelekwa Makumbusho kuombewa idhini.

Nilichelewa siku 49. Wiki mbili ni boriti, zilikuwa zinatoka upande wa Kiunga na kusi lilikuwa kali, jahazi halikuja. Zilizobaki ni hizo nyongeza za mama. Nilimaliza mwezi wa kumi na mbili. Nimelipwa 2,900,000. Kila nikiuliza salio naambiwa "nikija".

Amekuja mwaka huu kwa Maulidi. Amelala nyumbani siku tisa, wageni wake amewakalisha juu kwenye makuti wakinywa kahawa, picha za zidaka kazituma katika kikundi chetu cha waliosoma pamoja na kuandika "kazi ya mikono ya Lamu". Siku ya kuondoka akaniita. Akasema 500,000 iliyobaki hanipi. Katika hiyo, 245,000 ni faini ya siku 49, na iliyobaki anaishika kwa sababu masika paa lilivuja pembeni mwa birika. Mimi sikuambiwa kama linavuja. Kuhusu nyongeza akasema: "Sikuagiza mimi. Kama aliagiza mama, kamdai mama."

Wakili, nitamdai vipi mama yule? Mimi nimekula kwake kuliko kwetu.

Seremala ananidai 95,000 za milango na ameanza kuniamkia mlangoni kila alfajiri. Ameniambia twende usiku tuing'oe ile milango turudi nayo, kwa kuwa haijalipwa ni yetu. Ufunguo mmoja wa nyumba bado ninao. Wengine wananiambia niende kwa Kadhi, wengine niende ofisi ya ardhi nikaweke kizuizi ili asiweze kuuza. Na wapo wanaosema bila maandishi ya nyongeza sina kitu.

Jambo la mwisho, nalisema kwa aibu. Mimi nimesajiliwa NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) lakini leseni ya mwaka jana sikuihuisha. Nilisema nitahuisha nikilipwa.

Fundi wa Langoni

---

Wa aleikum salaam, ndugu yangu fundi.

Nianze na seremala wako, maana yeye ndiye anayeweza kukuharibia usiku mmoja jambo ambalo bado lina uhai. Milango hiyo si yenu tena. Ilikuwa yenu ilipokuwa karakana, imeegemezwa ukutani. Siku ilipoingizwa katika fremu na fremu ikashikwa na ukuta, imekuwa sehemu ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Mnachomdai mwenyewe ni pesa, si mbao. Mkienda kuing'oa mtavunja ukuta, na kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha sheria ya makosa ya jinai, kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Mkiingia usiku mtajiongezea na makosa mengine. Hapo mdai atageuka mshtakiwa, na yule wa Maskati hatakuwa na haja ya kujibu neno lolote kuhusu deni.

Ufunguo nao ni vivyo hivyo. Fundi wa saa akitengeneza saa yako anaweza kuishika mpaka umlipe, sheria inamruhusu. Mjenzi hana haki hiyo juu ya nyumba. Ufunguo ulio mfukoni mwako haukupi chochote, na kitasa kikiharibika kesho au kitu kikipotea mle ndani, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Nitaurudia huo ufunguo mwishoni.

Kwa Kadhi usiende, si kwa ubaya. Katiba yetu, ibara ya 170, imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Deni la ujenzi halimo. Na ofisi ya ardhi usiende vilevile. Kizuizi huwekwa na mtu mwenye maslahi katika ardhi yenyewe, kama aliyenunua hakuandikishwa, au mrithi. Wewe unadai malipo ya kazi. Watakukatalia, na ukifanikiwa kwa bahati ataomba kiondolewe na gharama zikuangukie.

Sasa tuje kwenye lililo kubwa. Waliokuambia bila maandishi huna kitu wamekosea, na kosa hili limeenea pwani nzima. Sheria yetu ya mikataba inalazimisha maandishi kwa mambo machache, na kuuza ardhi ndiko kunakojulikana zaidi. Mkataba wa kujenga haumo. Makubaliano ya mdomo ya kazi ya ujenzi ni mkataba kamili. Shida yake ni ushahidi, kwa sababu mdomo hukana. Kila Muislamu wa Lamu anajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na bado tukikutana na mtu tuliyesoma naye chuoni tunaona haya kutoa kalamu. Wewe lakini si mtu asiye na kitu mkononi. Una sauti.

"Mambo ya huko malizana na mama."

Hebu isikilize tena kwa sikio la hakimu. Mtu aliye mbali, mwenye kazi inayoendelea nyumbani kwake, anamwambia fundi amalizane na mtu mwingine. Mtu huyo ndiye anayepokea pesa kutoka kwake na kumlipa fundi, awamu baada ya awamu, miezi kumi. Katika sheria huyo anaitwa wakala, na hahitaji barua ya uwakilishi iliyopigwa muhuri ili awe wakala. Inatosha mwenye mali amemweka mbele kiasi kwamba mtu wa kawaida ataamini ana idhini, na wewe ukafanya kazi kwa imani hiyo. Alichoagiza wakala ndani ya mipaka ya kazi ile kimeagizwa na mwenye mali. Halafu ongeza alivyokuja mwenyewe, akalala, akasifu zidaka kwa maandishi mbele ya watu mliosoma pamoja. Mtu asiyekubali kazi hasifu kazi.

Wakili wake atauliza "mambo ya huko" ni mambo yapi. Atasema ilikuwa habari ya mabomba tu, kwa sababu swali lako lilikuwa la mabomba. Hoja hiyo ina uzito kiasi, sikufichi. Ndiyo maana usiikate ile sauti ukabaki na sehemu unayoipenda. Hifadhi mazungumzo yote, swali lako na jibu lake na tarehe zake. Sheria ya ushahidi inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoeleza simu gani, umetoaje, nani ametoa. Wakili atakuandalia. Wewe kazi yako ni moja: simu hiyo usiiuze, usiibadilishe, usifute kitu, hata matusi, kama mlitupiana na seremala. Sauti za mama nazo, kama alikutumia za zidaka na makuti, ni dhahabu.

Na sasa angalia alichojifungia mwenyewe. Amesema hakuagiza, kamdai mama. Kisheria mtu anayejifanya wakala bila idhini anaweza kudaiwa yeye binafsi kwa hasara aliyomletea mwenzake. Kwa hivyo mahakamani wakili wako atawataja wote wawili: ama mama alikuwa na idhini na mwana analipa, ama hakuwa nayo na mama analipa. Mwana akishikilia kwamba hakumtuma mama, anamsukuma mama yake mzazi kizimbani kwa mkono wake. Sidhani kama amelifikiria jambo hili, na sidhani kama mtu wa Mkomani anaweza kulikalia akilifikiria. Usimwambie wewe. Mwambie mzee mmoja mwenye busara amfikishie kwa upole.

Hilo la wazee linanirudisha kwenye karatasi yenu. Mstari unaosema mtasikilizwa na wazee wa mtaa kwanza usiudharau. Ukikimbilia mahakamani bila kupita huko, ataomba kesi isimamishwe, na wakili mjanja ataubeba mstari huo hadi kwenye Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kifungu cha 6. Anza hapo basi. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize sulhu. Sharti langu ni kwamba mtakachokubaliana kiandikwe, kitiwe sahihi, kiwe na tarehe za malipo. Sulhu iliyoishia kwa "insha'Allah atalipa" na kupeana mikono ni nyongeza nyingine ya mdomo, na nyongeza za mdomo zimekutosha.

Tupige hesabu, maana kwa wazee usiende na machozi, nenda na karatasi ya tarakimu.

Unadai salio 500,000, zidaka 145,000, milango 180,000 na chumba cha juu 260,000. Jumla 1,085,000.

Chumba cha juu kiondoe. Najua linauma. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba za humo haziongezwi wala hazibadilishwi bila idhini ya Makumbusho. Juu ya hapo kuna ruhusa ya ujenzi ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Wewe si mgeni, unajua hayo kuliko mimi. Umejenga kitu kisichokuwa kwenye ramani, na mahakama haipendi kumsaidia mtu alipwe kwa kazi iliyokatazwa. Ukikiweka mbele, utampa mwenzako nafasi ya kugeuza mazungumzo yote yawe ya makuti, na maafisa waje watazame paa. (Na makuti juu ya mji ule uliobanana, fundi, moto ukitokea utasema nini?) Mshauri mama aende Makumbusho akaulize kama kinaweza kuombewa idhini, au kitolewe kwa hiari kabla hakijaamriwa.

Milango: bei mlikubaliana na shahidi yupo, seremala. Lakini karatasi ya kwanza ilikuwa na kutengeneza ile ya zamani, na kazi hiyo hukuifanya. Kiasi ulichokuwa umekihesabia kitoe mwenyewe kabla hujaulizwa. Anayejikata mwenyewe kwa haki huaminiwa kwa yaliyobaki.

Zidaka hazikuwa na bei. Hapo sheria haisemi sifuri. Inasema ulipwe kadiri ya thamani ya kazi, na kadiri hiyo si ile iliyo kichwani mwako. Mtafute mpimaji wa gharama za ujenzi, huyo mnayemwita QS, aende akazipime na aandike. Akisema 120,000, chukua 120,000.

Kisha faini. Siku 49 kwa 5,000 ni 245,000 kweli. Ila kuna kanuni ya zamani katika mikataba ya ujenzi kwamba aliyesababisha ucheleweshaji hafaidiki nao. Siku 35 zimeliwa na zidaka, milango na makuti, kazi zilizoagizwa na upande wake. Na kwa kuwa karatasi yenu haina mstari wa kuongeza muda kazi ikiongezeka, wakili wako anaweza hata kusema tarehe yote ya kumaliza ilianguka, na faini yote ikaanguka nayo. Hoja hiyo ni nzuri mahakamani. Mbele ya wazee mimi nisingeibeba mpaka mwisho, kwa sababu wiki mbili za boriti ni zako. Kusi halikuanza mwaka jana. Mtu anayeagiza boriti kutoka kaskazini na mkataba wake unapita katikati ya kusi anajua anacheza na nini, na hamkuandika kwamba bahari ikichafuka siku zisihesabiwe. Siku 14 ni 70,000. Zikubali.

Paa linalovuja nalo. Kasoro katika kazi yako inakuhusu, hata kama hamkuweka kipindi cha kurekebisha kasoro. Mikataba ya kawaida ya ujenzi nchini, kama ile ya Baraza la Pamoja la Ujenzi ya 1999, huwa na kipindi hicho na pesa kidogo zinazoshikiliwa mpaka kiishe. Lakini mwenye nyumba anatakiwa akupe habari na nafasi ya kuja kurekebisha. Akikunyima nafasi, anachoweza kukata ni ile gharama ya kuziba, na kuziba pembeni mwa birika hakufiki 255,000 katika mji wowote ninaoujua. Kwa hivyo barua yako ya kwanza isiwe ya kudai. Iwe mistari minne: nimesikia paa limevuja, niko tayari kuja siku fulani kuziba bila malipo, nipeni ruhusa. Itume kwa WhatsApp na nakala ya karatasi kwa mama. Wakiruhusu, ziba na upige picha. Wakikataa, wamejikatia hoja yao wenyewe.

Kwa hesabu hiyo unasimama kwenye 430,000 za salio, milango ukishatoa ulichotoa, na zidaka kwa bei ya mpimaji. Haifiki 760,000. Hiyo ndiyo tarakimu ya sulhu. Tarakimu ya mahakamani ni kubwa zaidi, kwa sababu huko huanzi kwa kujikata faini: 825,000 bila chumba cha juu. Na hapa kuacha kile chumba kunakulipa kidogo. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi 1,000,000, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na unaweza kujisimamia bila wakili. Madai ya 1,085,000 hayaingii mle. Ya 825,000 yanaingia. Nenda masjala ya mahakama ya Lamu uwaulize yako yafunguliwe wapi. Yakibaki kwa hakimu wa kawaida pia si neno, hakimu mkaazi wa ngazi ya kwanza tu anaweza kusikiliza hadi milioni 5. Ila ukishaacha sehemu ya dai ili liingie katika mahakama fulani, umeiacha. Huwezi kurudi mwakani na 260,000 za makuti.

Kuwa kwake Maskati hakumpi kinga. Mkataba umefanywa Lamu, kazi iko Lamu, nyumba iko Lamu. Mahakama inaweza kutoa ruhusa apelekewe hati nje ya nchi, na tangu 2020 kanuni zetu zinatambua hati kupelekwa kwa programu za ujumbe wa simu. Nyumba haipandi ndege.

Nimeiacha leseni mpaka huku kwa sababu ndilo tundu kubwa, na nilitaka kwanza uone jahazi lina tanga. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa, na leseni ni ya kila mwaka. Wewe umesajiliwa, ila mwaka huo ulifanya kazi bila leseni hai. Wakili wa upande wa pili akilijua hilo atalitumia, atasema usilipwe senti kwa sababu hukuwa na haki ya kuifanya kazi. Kuna majibu, na wakili wako ndiye wa kuyapima, mradi umwambie siku ya kwanza na si asubuhi ya kesi. Wakili akishtushwa mbele ya hakimu hana la kukufanyia. Huisha leseni wiki hii kwa kazi zinazokuja, hata kama ni kwa kukopa. Na ujue hiyo ndiyo sababu nakusukuma kwa wazee kwa nguvu hivi. Mwenye tundu katika jahazi hatafuti mkondo.

Muda unao. Sheria inakupa miaka sita ya kudai deni la mkataba. Ila sauti hupotea na simu huanguka majini, na mashahidi huhama. Wazee wakishindwa, barua ya madai ya wakili yenye siku 14, kisha mahakama.

Seremala wako naye mdaiwa wake ni wewe. Si mama wala Maskati. Wewe ulimpa kazi. Kumwambia asubiri mpaka ulipwe ni sawa kama mlikubaliana hivyo, na naona hamkukubaliana. Mpe alau theluthi sasa, andikianeni iliyobaki, na umwombe awe shahidi wa bei ya milango. Shahidi mwenye njaa anayekuamkia mlangoni alfajiri hatakusaidia.

Kwa kazi zijazo nina ombi moja dogo. Nunua pale madukani kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Mwenye nyumba au mama yake akisema "ongeza", andika mistari mitatu: kazi gani, bei gani, siku ngapi zinaongezeka. Atie sahihi, nakala yake, nakala yako, ndipo ushike nyundo. Bibi asiyetaka kuandika, msomee na urekodi akisema "naam". Dakika tano.

Na huo ufunguo. Urudishe kesho asubuhi kwa mama, nenda na mtu mmoja mnayeheshimiana naye wote. Usiende mikono mitupu. Usizungumze deni. Mwombe akuonyeshe daftari lake mhakikishe malipo yaliyopita, atie sahihi kwamba ameupokea ufunguo, na kurasa zote zenye sahihi yako uzipige picha, moja moja, mwanga ukiwa mzuri. Ile barua ya paa itume baada ya hapo.